Geji ya Thelathini na Mbili

Mama alipofariki, akina mama wa kanisa waliimba wakiwa wamefungua miavuli ndani ya nyumba yetu. Ilikuwa Mei, na Dundori mwezi wa Mei mvua haiombi ruhusa. Paa lilivuja mahali sita, na pote sita palikuwa sebuleni, juu ya vichwa vya waombolezaji. Pasta alihubiri huku akihama kidogo kidogo kulikimbia tone, mpaka akamalizia sala akiwa amesimama mlangoni. Shangazi yangu aliweka karai katikati ya chumba bila kumwuliza mtu, na tangu hapo kila tulipoinamisha vichwa tulisikia ta, ta, ta. Nilikuwa nimefiwa na mama, lakini nitasema ukweli: siku ile nililia kwa aibu kuliko kwa msiba.

Paa lile alilipiga baba mwenyewe. Alipopata ekari zake tano katika shamba lililokuwa la mzungu, alikuta banda la kukamulia ng'ombe limeanguka, akanunua mabati yake, akajenga nyumba ya mbao, akaiezeka nayo. Yalikuwa mabati ya zamani, mazito, ambayo mtu mzima hakubeba mawili bila kutua njiani. Baba hakuwa fundi wa kusomea. Viazi ndivyo vilivyotulisha na kutusomesha. Lakini mabati aliyajua, na alituhubiria habari zake mezani kama vile wengine wanavyohubiri wokovu. "Msumari unakaa mgongoni mwa bati," alikuwa akisema. "Usiupige bondeni. Bondeni ndiko maji yanapita. Ukitoboa huko umeyafungulia mlango."

Kila Februari, kabla ya masika, alipanda juu na mkebe wa lami. Mama alibaki ndani, akafunga madirisha yote ili kuwe na giza, kisha akatazama juu. Penye tundu mwanga ulichungulia. Mama alipanda kwenye meza na kupenyeza unyasi katika tundu, na baba huko juu akaona unyasi umechomoza, akaupaka lami. Walifanya hivyo miaka zaidi ya thelathini, wakizungumza kupitia bati, mmoja juu na mwingine chini, na sisi watoto tulicheka kwa sababu mama alimwita "wewe wa mbinguni".

Mwaka uliofuata kifo cha mama alipanda peke yake. Hakukuwa na mtu wa kumpenyezea unyasi, kwa hivyo akawa anapapasa tu. Aliteleza, akaangukia kwenye kuni, nyonga ikaumia. Nilifika kutoka Nakuru nikiwa nimefura kwa hasira. Nilimgombeza mzee wa miaka sabini na minne kama mwanafunzi aliyekamatwa nje ya ua wa shule. Kisha nikachukua ngazi yake, nikaifunga juu ya pikapu, nikaondoka nayo.

"Hupandi tena, Baba. Nitaleta fundi."

"Lini, Mama?"

"Wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka minne.

Niseme kwa nini aliniita Mama. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa kike, nikapewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Kwa baba sikuwa binti tu, nilikuwa mama yake amerudi. Alinisalimia kwa heshima tangu nikiwa na kamasi. Hakuwahi kunipiga, kwa maana nani humpiga mama yake? Watu hufikiri hilo ni jambo tamu, na ni tamu kweli. Lakini lina uzito wake, kwa sababu mama hatarajiwi kumwacha mtoto akinyeshewa.

Na nilimwacha. Sikosi sababu, mwalimu hakosi sababu. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na karo ya wanangu, kulikuwa na harusi za watu na chama cha akiba cha Jumamosi. Baba hakulalamika. Alinipigia simu na kunipa habari kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa: "Mama, leo imeingia upande wa kabati." Wiki nyingine: "Mama, imehamia kitandani." Nikamwambia ahamishe kitanda. Akakihamisha. Kilipovujiwa tena akakihamisha tena, mpaka mwisho kikawa kimeziba nusu ya mlango wa chumba chake, na kuingia kwake ilibidi mtu apite kwa ubavu. Wakati mmoja nilimpa mtu wa bodaboda dawa ya kuzibia matundu ya bati ampelekee. Nilimtumia dawa ya paa mzee ambaye ngazi yake ilikuwa imelala nyuma ya nyumba yangu Nakuru. Alinipigia simu kunishukuru.

Halafu Januari moja chakula kikaanza kumkwama. Kwanza ugali, kisha viazi, kisha hata uji ulipita kwa kubembelezwa. Sauti yake ikapungua mpaka ikawa mnong'ono. Tulizunguka hospitalini, tukapimwa, tukangoja, tukapimwa tena. Mwishowe daktari mmoja kijana, mpole sana, akatuambia ugonjwa umeshika koo na umeenda mbali, na kwamba ingefaa tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Lugha hiyo sisi wote tunaielewa. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda stendi.

Jioni ile ndugu yangu alinipigia kutoka Nairobi. Tulizungumza juu ya dawa za maumivu na nani atakaa na mzee. Kisha akasema, "Dada, unakumbuka miavuli?"

Nilikumbuka. Hatukutaja neno lenyewe, si siku ile wala baadaye. Tulisema "watu wakija". Watu wakija watakaa wapi? Watu wakija choo kitatosha? Watu wakija magari yatapitaje kwenye yale matope? Na kwa siku kumi tulifanya yale yaliyotushinda miaka minne. Lori likamwaga murram, ule udongo wa changarawe, kutoka barabarani hadi uani. Choo kikapata mlango. Ukuta wa mbele ukapakwa rangi. Huku kwetu ukiona boma linatengenezwa mbiombio na mwenyewe yuko kitandani, unaanza kutafuta koti lako jeusi liko wapi. Majirani walipita njiani, wakatazama, wakasalimia kwa sauti ya chini. Kitu kilichobaki kilikuwa paa.

Mabati nilienda kununua mimi, Nakuru mjini, katika duka la mzee mmoja Mhindi ambaye anauza vifaa vya ujenzi tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia nataka mabati ya kuezeka nyumba nzima, ya rangi ya damu ya mzee, huko Dundori.

"Dundori chukua geji ishirini na nane," akasema. "Huko mvua ya mawe iko mingi."

"Geji nyingine ipi iko?"

"Iko thelathini. Iko thelathini na mbili. Hiyo ni bei rahisi kidogo."

Nikasimama nikawaza. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mmoja, na nina sifa ya ukali. Wanafunzi wananiita jina ambalo najifanya silijui. Huyu mzee ananiambia kwamba thelathini na mbili ni rahisi na ishirini na nane ni ghali. Nikajiambia, ameona mwanamke, ameona ana haraka, ameona macho yamevimba kwa kulia, anataka kunipa ndogo kwa bei ya kubwa. Damu ikanipanda.

"Mzee," nikamwambia, na watu kwenye foleni wakasikia, "thelathini na mbili ni kubwa kuliko ishirini na nane. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nipe kubwa."

Alinitazama juu ya miwani yake. Alifungua mdomo, akaona uso wangu, akaufunga.

"Sawa, mwalimu. Wewe ndio unanunua."

Nilitoka dukani nimenyoosha shingo. Kwa wiki nyingi hakuna kitu nilichokuwa nimeshinda, na hicho nilikishinda.

Fundi alitoka Kabazi, yeye na mwenzake, watu wazima wa maneno machache. Baba alikuwa amekubali paa litolewe kwa sharti moja tu: limalizike siku hiyohiyo. "Nyumba hailali kichwa wazi," alinong'ona. Zamani wazee wetu walijenga nyumba na kuiezeka kwa siku moja, na jioni moto uliwashwa ndani, kwa sababu nyumba iliyolala bila paa ilikuwa imekaribisha kisichokaribishwa. Baba alikuwa Mkristo wa kubatizwa na mzee wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Tulitaka kumhamishia jikoni kwa siku ile. Akakataa.

"Mtanitoa siku ya kunitoa."

Basi mabati ya chumba chake yaling'olewa akiwa amelala papo hapo, tumemfunika shuka mpaka puani kwa sababu ya vumbi na kutu. Ilipofika saa nne juu yake palikuwa mbao na mbingu tu. Nilipoingia nilimkuta ameondoa shuka usoni, anatazama mawingu. Alikuwa anatabasamu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda na sote wawili tukatazama juu. Mwewe alipita. Sijui kama nimewahi kukaa naye kwa raha namna hiyo tangu nilipoolewa.

Kisha wakaanza kupiga mabati mapya, na baba akageuza kichwa kusikiliza. Mimi sikusikia kitu ila nyundo. Yeye alisikiliza msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaniita kwa kidole.

"Mama. Niletee kipande."

Nilidhani anataka kuona rangi. Nilimwomba fundi kipande kilichokatwa, nikakipanguza, nikamletea. Baba hakutazama rangi. Alikishika kwa mikono miwili, akakikandamiza kwa kidole gumba, bati likabonyea, akaliachilia likaruka na kulia.

"Thelathini na mbili," akasema.

Nilishangaa, na nilijivuna. Mzee hana nguvu ya kumeza uji, lakini ameshika bati na kujua namba yake!

"Umejuaje, Baba? Ndiyo, ni thelathini na mbili. Nimechagua mwenyewe."

"Umechagua mwenyewe."

"Mwenyewe. Walitaka kunipa nyingine nikakataa."

Alinitazama kwa muda. Sikuona hasira machoni pake. Leo natamani ningeiona. Aliweka kile kipande juu ya blanketi, taratibu, akakisukuma mbali na mkono wake.

"Haya, Mama. Kwa kazi yake inatosha." Kisha akaongeza, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nami nilicheka, kwa sababu sikujua tunacheka nini.

Saa kumi na moja kazi ikawa imeisha. Niliwapa mafundi chai uani, na paa likang'aa juu yetu, zuri, la kutamanisha. Yule fundi mkubwa alilitazama, akanitazama.

"Madam, si ungechukua tu ishirini na nane? Hapa kwenu mvua ya mawe ikipiga hii, itaitoboa kama karatasi."

"Kwani thelathini na mbili si ndiyo nzito?"

Aliweka kikombe chini. Alinieleza polepole na kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Namba ya mabati inarudi nyuma. Kadiri inavyopanda, bati linakuwa jembamba. Ishirini na nne ni nzito, hiyo ya zamani tuliyotoa ilikuwa ya namna hiyo. Ishirini na nane ni ya nyumba ya mtu kuishi. Thelathini na mbili ni nyembamba kuliko zote wanazouza.

"Na mbona hukuniambia asubuhi?" Nilikuwa nimeanza kupaza sauti.

Alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

"Niliona vile mzee ako. Nikajua ni ile ya wageni. Watu wengi wanafanya hivyo, madam, si vibaya. Hiyo wiki moja inashikilia."

Nilibaki nimesimama pale na birika mkononi. Sasa kila neno la chumbani lilinirudia na maana yake. Baba alikuwa amesikia msumari, akajua. Akaniuliza kwa adabu yake yote kama ni mimi niliyechagua, nami nikajibu mara mbili kwa majivuno kwamba ni mimi, na kwamba nilipewa jingine nikakataa. Kwake yeye nilikuwa nimesimama dukani, nikahesabu siku zake zilizobaki, nikamnunulia bati la kutosha hizo. Mimi, Mama.

Nikaingia ndani nimweleze. Chumba kilikuwa kikavu, kitanda tumekirudisha mahali pake pa zamani, mlango unafunguka wote. Alikuwa macho. Nikafungua mdomo niseme, Baba, sikujua, nilidhani namba kubwa ndiyo bati zito. Ni sentensi fupi. Lakini nyuma yake kulikuwa na nyingine. Angeweza kuniuliza, sawa, hukujua geji, na je, paa lenyewe? Mbona mwaka huu na si mwaka jana? Mbona pamoja na choo na murram? Kosa langu lilikuwa kweli kosa, naapa. Ila jambo alilolisoma katika kosa lile lilikuwa kweli vilevile. Singeweza kujisafisha na moja bila kuligusa la pili. Nikamwuliza kama anasikia baridi. Akasema hapana.

Mabati ya zamani alichukua jirani akaezekea banda la nguruwe. Yako huko mpaka leo, na nguruwe wake hawanyeshewi.

Mvua ilichelewa mwaka ule, kisha ikaja yote. Ndipo nilipojua bati jembamba ni nini. Nyumba yetu haina dari, na mvua ya kawaida tu ilipoanza, ndani ya nyumba watu waligeuka mabubu. Paa la zamani lilikuwa na kelele zake, lakini mlisikizana. Hili lilifunika kila kitu. Halikuvuja, hata tone moja. Tulikaa mle ndani wakavu kabisa, tukitazamana.

Na baba alikuwa na mnong'ono tu. Asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya, niliweza kumsikia nikiinamisha sikio. Alasiri ikifika mvua ilimnyang'anya hata huo. Siku moja alizungumza wakati mvua inanyesha, sijui kama alisahau au aliamua kusema hivyohivyo. Midomo yake ilisogea kwa muda mrefu, mkono ukainuka na kushuka, kama mtu anayesimulia habari yenye mwanzo na mwisho. Nilisogeza sikio mpaka likagusa ndevu zake. Nilipata "mama yako" na "mtoni". Mvua ilipokatika alikuwa amelala, na alipoamka nikamwuliza, akasema hakumbuki.

Wiki ikapita. Ikapita ya pili. Likizo ya Aprili ikaisha, nikaomba ruhusa shuleni, nikabaki. Ndugu yangu alikuja Jumapili akiwa amepitia Kikopey kwa wachoma nyama, akaleta mbavu za mbuzi zimefungwa kwa gazeti, akazitoa mezani, harufu ikajaa nyumba nzima, ndipo akakumbuka baba hawezi kumeza hata maji vizuri. Alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Lakini aliporudi Nairobi simu zake zilikuwa na namna fulani. "Mzee anaendeleaje?" aliuliza, na nilipomwambia yuko vilevile alisema "aa" kwa sauti ya mtu aliyekosa gari. Sitamlaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kutazama kalenda na kujishika nikihesabu.

Baba aliona. Asubuhi moja nikimfuta uso aliniambia, "Nimewachelewesha."

"Usiseme hivyo, Baba."

"Mabati yenu yatachoka kabla yangu." Na akakonyeza jicho moja, kama zamani alipokuwa akimtania mama.

Hapo ningesema. Hapakuwa na mvua, mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Nilikamua kitambaa katika karai, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nilikuwa mwoga. Hakuna neno jingine la kuliita jambo hilo, nami nimelitafuta.

Mvua ya mawe ilikuja wiki ya nne, alasiri. Kwanza upepo uliinua ukingo wa bati juu ya jikoni ukalipiga mara tatu, halafu mawe. Sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba. Nilikimbilia chumbani kwa baba nikiwaza ameogopa. Hakuwa ameogopa. Alikuwa amelala chali anatazama juu, na juu yake bati lilikuwa linabonyea, vinundu vidogo vidogo vikitokeza upande wa ndani, kimoja baada ya kingine. Alikuwa anavitazama kama mtu anayesoma.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Sikusikia hata pumzi yangu mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu niliweza. Nilipaza sauti. Nilimwambia sikujua geji. Nilimwambia habari za duka, na yule mzee wa miwani, na jinsi nilivyomfokea mbele ya watu. Nilisema nilidhani nimechukua lililo bora. Halafu nikashindwa kuacha hapo, yakatoka na mengine: kwamba paa ni kweli lilikuwa la wageni, na murram, na choo, na rangi, kwamba nilichukua ngazi nikakuacha na makarai, kwamba kila uliponipigia simu nilikuwa na nafasi, Baba, mara nyingi nilikuwa na nafasi. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Kamasi zilinitoka. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

Mvua ya mawe ya kwetu haipungui, hukatika. Ilikatika. Ukimya ulikuja ghafla hata masikio yakawa yanalia, na huko nje barafu ikateleza kutoka kwenye paa na kuanguka chini kwa mafungu. Nilibaki pale pale na kichwa changu juu ya godoro. Nilijiambia hakusikia. Nilishukuru, na papo hapo nilisikitika.

Mkono wake ulikuja kichwani mwangu.

"Mama," akanong'ona. "Koo ndilo limekufa. Masikio bado."

Sikuinua uso.

"Hukujua hesabu yake."

"Sikujua, Baba. Haki ya Mungu."

"Nimesikia. Nimeamini." Alipumzika, kwa sababu maneno mawili yalimchosha kama vile ekari ya viazi ilivyokuwa ikimchosha zamani. Mkono ulikuwa bado kichwani mwangu, hauna uzito wowote. "Sasa niambie. Na ungekuwa unaijua. Pale dukani. Ungenichukulia ipi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama alivyotuuliza mezani tulipokuwa watoto, msumari unapigwa wapi, mgongoni au bondeni, akitaka tu kujua kama tumeelewa. Na nyumba ilikuwa kimya, ningesikika hata kwa kunong'ona. Jibu la upendo lilikuwa moja, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: ishirini na nane, Baba. Lakini nilikuwa nimetoka kumwambia ukweli kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na nilijikuta siwezi kumdanganya papo hapo. Nilijiona dukani, najua namba zote, najua alichosema daktari. Nikajaribu kuona mkono wangu unaelekeza kwenye rundo lipi.

Alingoja. Alinipa muda wote ambao mwalimu mzuri humpa mtoto aliyesimama mbele ya ubao. Kisha akauondoa mkono kichwani mwangu, akaurudisha juu ya blanketi, akaomba chai kwa kijiko.

Nilienda kuichemsha. Alifariki siku ya tatu, asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya, na watu wakaja.